Historia ya «vitre fumée»: giza lililoletwa na jua

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, gari lililoachwa saa sita mchana kando ya barabara mjini Lubumbashi haliingiliki. Usukani unachoma mikono, kiti kinachoma mgongo. Wenye bahati huegesha chini ya mijakaranda. Wengine huenda kwa fundi wa «vitre fumée», wanalipa, wanarudi nyumbani na vioo vyeusi, wakiamini wamenunua ubaridi. Mara nyingi wamenunua giza tu. Baada ya muda vioo vinatoka malengelenge, rangi inageuka zambarau, na siku wakubwa wa usalama wanapotoa amri nyingine, polisi wa rulaji anasimamisha gari na ile filme inabanduliwa kwa wembe palepale barabarani.

Watu huona hayo kuwa matatizo mawili: fundi mbovu upande huu, polisi wasumbufu upande ule. Lakini yote mawili yanatoka mahali pamoja, nayo ni imani kwamba kioo cheusi zaidi ndicho kioo kinachopoza zaidi. Imani hiyo ina historia yake.

Zamani za Elisabethville vioo vya magari vilikuwa vyeupe, na jambo lililowasumbua watengenezaji halikuwa jua, lilikuwa kuvunjika. Mfaransa Édouard Bénédictus aliona mwaka 1903 chupa iliyoanguka katika maabara yake ikapasuka bila kutawanyika, kwa sababu ndani yake kulikuwa na utando mkavu wa dawa ya jamii ya plastiki. Mwaka 1909 alipata hataza ya kioo chenye plastiki katikati, na kioo cha mbele cha kila gari la leo ni mjukuu wa chupa hiyo. Ndoa ya kioo na plastiki ilianza hapo, kwa ajili ya usalama.

Jua lilipewa nafasi katika miaka ya 1950, huko Marekani, wakati klima zilipoanza kufungwa ndani ya magari ya watu wenye uwezo. Viwanda vilichanganya chuma kidogo katika kioo, kikawa na ukijani, na chuma hicho kikanywa sehemu ya joto la jua kabla halijaingia. Mwenye gari la zamani hakuwa na njia nzuri. Alinunua rangi ya maji, akaipaka au akaipuliza ndani ya kioo, ikakauka kwa michirizi, hapa nzito, pale nyepesi.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imekwisha kupatikana, ingawa walioigundua hawakuwa wakifikiria magari. Mwaka 1941, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wanakemia waliofanya kazi kwa kampuni ya vitambaa mjini Manchester, Uingereza, walitengeneza poliesta wakitafuta uzi mpya wa nguo. Ni plastiki ileile inayotengenezewa leo chupa za maji zinazouzwa kwenye vituo vya basi. Ikivutwa kuwa karatasi nyembamba, inakuwa ngumu, inang'aa, haipanuki hovyo wala hainywi maji. Fundi wa leo anapokunjua bunda lake la filme, ameshika karatasi hiyo, iliyopakwa gundi upande mmoja na ngozi ya kuzuia mikwaruzo upande mwingine.

Mwaka 1966, mwaka uleule Elisabethville ilipopewa jina la Lubumbashi, kampuni ya 3M ya Marekani ilipata hataza ya filme ya kuzuia jua. Filme za kwanza zilikusudiwa majengo. Zilipakwa aluminiamu nyembamba sana, kiasi kwamba kioo kiligeuka nusu dirisha nusu kioo cha kujitazamia, na joto likarudishwa lilikotoka. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, wenye maofisi makubwa walizitafuta ili kupunguza gharama ya klima.

Kwenye gari, filme inayong'aa hivyo inawapiga wengine machoni. Ndipo soko la magari likageukia rangi: poliesta ikachovywa ndani ya wino mweusi, ikawa rahisi, ikapendeza. Na hapo ndipo kazi ilipopotoka, kwa maana karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja katika miale ambayo jicho haliioni. Wino unazuia mwanga unaoonekana na kuiachia njia sehemu kubwa ya ile miale mingine. Hata mwanga unaouzuia haurudi nje. Unanywewa na filme, kioo kinapata moto, na moto huo unaingia ndani polepole. Abiria anajisikia vizuri kwa sababu jua halimpigi machoni, lakini kiti chake kinaendelea kuwa jiko.

Wahandisi waliona kasoro hiyo mapema, na kazi yao tangu hapo imekuwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wanaviona kimoja: mwanga na joto. Walirudia metali, safari hii kwa tabaka nyembamba zaidi zinazopitisha mwanga. Zilipoza kweli, ila zilisumbua antena za redio na simu, jambo ambalo madereva wa jeep za migodi wanaotegemea redio hawawezi kulivumilia. Baadaye zikaja filme za kaboni, kisha za seramiki, ambazo chembe zake ndogo sana huzuia miale ya joto na kuacha mwanga upite. Filme nzuri ya seramiki inaweza kuwa karibu nyeupe, mpita njia akaona uso wa dereva vizuri, na bado ikapoza gari kuliko karatasi nyeusi kama mkaa. Ila inagharimu mara nyingi zaidi, na mteja anayetoa pesa nyingi anataka jirani aone alichonunua.

Magari yenyewe yaliongeza mkanganyiko. Mengi yanayofika Haut-Katanga yametumika kwanza Japani, yakashuka bandarini Dar es Salaam, yakapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Sheria ya Japani inataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, lakini inaruhusu vya nyuma kuwa vyeusi. Kwa hiyo gari linafika likiwa na vioo vya nyuma vilivyotiwa giza kiwandani na vya mbele vyeupe. Mwenye gari anaona halijalingana, anampelekea fundi «alinganishe». Katika kulinganisha huko ndipo giza linapofika pembeni mwa dereva, mahali ambapo nchi nyingi zinalikataa. Ufaransa, ambayo mitindo yake haichelewi kufika huku, iliweka kiwango hichohicho cha asilimia 70 kwa vioo vya mbele kuanzia tarehe 1 Januari 2017, na faini ya euro 135.

Hesabu ya asilimia hizo haielezwi mara nyingi kwa mteja. Kioo cheupe chenyewe hakipitishi mwanga wote. Tuseme kinapitisha asilimia 75. Ukibandika juu yake filme ya asilimia 35, gari halina 35 tena, lina kama 26. Na kama kioo cha nyuma kilitoka kiwandani na asilimia 20, kisha mtu akaongeza filme ya 20 «kidogo tu kwa urembo», kinachobaki ni asilimia 4. Usiku, katika mtaa usio na taa, dereva anayerudi nyuma na kioo cha namna hiyo hamwoni mama anayekusanya meza yake ya mboga, wala motari aliyesimama kungoja mteja. Anategemea wao ndio wamwone yeye.

Kuhusu sheria, Zaire ilijiunga mwaka 1977 na mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, na tarehe 30 Agosti 1978 ikatoka sheria ya barabara nambari 78/022, ambayo rulaji bado anaitaja anapoomba makaratasi. Filme ya kubandika haikuwa bado tatizo la nchi. Kilichoifanya kuwa jambo la polisi ni hofu zaidi kuliko ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, utawala wa Mobutu ukiyumba, wakaaji wa Kinshasa waliwaogopa watu walioitwa «hiboux», yaani bundi, waliokuja na magari usiku kuteka wapinzani. Anayeikumbuka miaka ile hapendi gari lisiloonyesha aliyemo ndani. Mwaka 2024, abiria walipokuwa wakitekwa ndani ya teksi katika mji huohuo mkuu, hofu ileile ilirudi.

Ndiyo maana amri dhidi ya vioo vyeusi hutolewa, hutekelezwa kwa majuma kadhaa, hulegea, kisha hutolewa tena. Hofu inayozileta ni ya kweli, na anayeicheka hajawahi kupanda teksi peke yake saa tatu usiku. Lakini amri ikisema «ondoeni vioo vyeusi» bila kutaja asilimia, na askari akiwa hana kifaa cha kupimia mwanga, kila kitu kinabaki kwa jicho lake na kwa maelewano ya kando ya barabara. Raia wanalalamika kwamba wembe unazikuta teksi na magari madogo kuliko jeep za wakubwa, na aliyewahi kusimama kwenye rompwe siku ya msako anajua kwa nini wanasema hivyo.

Fundi naye amejifunza kufanya kazi kwa haraka kati ya amri mbili, na haraka ni adui wa filme. Adui wa kwanza, hata hivyo, ni vumbi. Lubumbashi wakati wa kiangazi ni mji wa vumbi jekundu, na fundi wengi wanafanyia kazi uani, chini ya turubali. Punje moja ikiingia kati ya gundi na kioo inainua filme kidogo kuizunguka, na lile jicho dogo halitoki tena. Fundi anayejiheshimu humwaga maji chini kwanza, hufunga milango, huosha kioo na kukikwangua kwa wembe mara mbili au tatu, na hufuta mipira ya dirisha, kwa maana uchafu mwingi hutoka humo kioo kinaposhushwa.

Malengelenge si ya aina moja. Filme hubandikwa ikielea juu ya maji yenye sabuni kidogo ili iweze kusogezwa, kisha maji yanasukumwa nje kwa raklete. Yanayobaki huonekana kama ukungu au mifuko midogo ya maji, na hukauka yenyewe, siku chache wakati wa joto, hata majuma matatu au manne wakati wa mvua. Mteja asiyeambiwa hivyo anarudi kesho yake kugombana bure, au anatoboa kwa sindano na kuharibu kila kitu. Mwingine anashusha kioo siku ileile, ukingo unakunjika ndani ya mlango. Lakini lengelenge lililojaa hewa, ambalo bado lipo baada ya mwezi au linalozaliwa baada ya mwaka, ni gundi iliyokufa, na hapo hakuna dawa ila kubandua.

Kioo cha nyuma ndicho mtihani. Kimepinda pande mbili, na karatasi iliyonyooka haiwezi kukivaa bila mikunjo. Mafundi wa zamani waliikata vipande vipande, na maungio yake yalionekana kwa mbali. Siku hizi filme hutandazwa kwanza upande wa nje wa kioo na kupulizwa hewa ya moto mpaka ijikunyate ifuate mpindo, ndipo inapohamishiwa ndani. Moto ukizidi, filme inaungua, au kioo chenyewe kinapasuka, na hasara ya kioo inazidi bei ya kazi yote.

Ile zambarau, nayo, si kosa la mkono wa fundi. Weusi wa filme ya bei ndogo ni mchanganyiko wa rangi kadhaa. Jua linaziua baadhi yake mapema kuliko nyingine, na zinazobaki macho huziona zambarau. Lubumbashi iko mita zaidi ya 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jua lake halina huruma katika miezi isiyo na mawingu. Kosa la fundi ni kutosema, kwa sababu anajua ni bunda lipi litakalofika mwaka wa pili na lipi halitafika.

Kinachosahaulika zaidi ni kubandua. Filme ikipashwa moto au mvuke inatoka taratibu pamoja na gundi yake. Ikivutwa baridi, gundi inabaki kwenye kioo, na mtu anachukua wembe. Kwenye vioo vya milango wembe hauna madhara makubwa. Kwenye kioo cha nyuma unakata zile nyuzi nyembamba za umeme zinazokausha ukungu. Ukikatika mmoja tu, mstari wake wote unakufa, na mwenye gari atalijua hilo mwezi wa kumi na mbili, asubuhi ya mvua kubwa, akiwa anarudi nyuma bila kuona kitu, na vioo vyake sasa vyeupe kabisa.