Kichwa, Mstari na Kipande: Ukurasa wa Chapa katika Historia ya Tenzi

Mhakiki anayeufafanua utenzi kuwa utungo wa mishororo minne katika kila ubeti, wenye mizani minane katika kila mshororo, anaufafanua ukurasa wa kitabu kilichopigwa chapa zaidi kuliko utungo wenyewe. Katika miswada ya hati za Kiarabu iliyonakiliwa Pate, Lamu na Siyu, ubeti mzima aghalabu uliandikwa katika mstari mmoja, au miwili, vipande vyake vikitenganishwa kwa alama ndogo. Mstari ulipokuwa mmoja, kina cha bahari kiliangukia ukingo wa kushoto, nalo jicho likakifuata kikishuka kutoka ubeti hadi ubeti.

Chapa ya hati za Kirumi ilivikata vipande hivyo na kuvipanga wima. Shairi la mizani kumi na sita halikukatwa. Ukwapi na utao wake uliachwa katika mshororo mmoja. Ndipo vitabu vya shule vikaja kufundisha kwamba utenzi una kipande kimoja tu katika kila mshororo, kana kwamba mtunzi ndiye aliyeamua hivyo. Hesabu ni sahihi. Kinachohesabiwa ni kazi ya mpiga chapa.

Vichwa navyo vina historia yake. Utungo ambao muswada wake ni wa mwaka 1728 umejulikana kwa majina mawili, Utendi wa Tambuka na Chuo cha Herekali, na kila jina humwelekeza msomaji kwingine: moja kwenye mahali pa vita, jingine kwa mfalme wa Rumi.

Madhara makubwa zaidi yaliupata utendi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye mwaka 1858. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa kichwa cha Kiingereza kilichoutangaza kuwa mawaidha kuhusu wajibu wa mke. Sehemu hiyo imo, tena ni ndefu. Lakini mama huyo anaanza kwa kumtaka bintiye atwae wino na karatasi. Anazungumzia dini, adabu na ulimi mwema kabla ya kumfikia mume, na anamalizia kwa dua. Kichwa kilichagua sehemu moja kikaifanya kuwa utendi mzima, na kwa miongo kadhaa uhakiki uliridhika kubishana juu ya utiifu wa mke. Ann Biersteker alipoutazama upya mwaka 1991, aliuhusisha na lugha na mamlaka, mambo ambayo kichwa cha mwaka 1934 hakikuyagusa.