Siku ya Lugha: Kiingereza cha Exetat na watoto waliokulia nje

Kuna swali linarudi katika kila mkutano: mbona chama kinatoa pesa ya kununua kamusi za Kiingereza wakati kuna nyumba zisizo na mabati? Jibu yake ni ndefu kidogo, maana inapita katika njia zote tulizokimbilia.

Examen d'État ilianzishwa mwaka 1967. Mbele ya hapo shule zenyewe ndizo zilikuwa zikitoa diploma. Toka hapo swali likawa moja kwa nchi nzima, Matadi sawa na Uvira, na mwenye kukosa 50 kwa mia anarudia mwaka. Session ya kawaida inachukua siku nne: culture générale, sayansi, masomo ya option, na lugha. Siku ya lugha finalisti anapewa maandishi ya Kifaransa na ya Kiingereza, anasoma, kisha anachagua jibu moja kati ya yale yaliyoandikwa. Hakuna kujieleza. Ukikosea neno moja dogo, imeisha.

Kiingereza chenyewe kilikuwa kama mgeni shuleni kwetu. Wabelgiji walituachia Kifaransa, na kwa muda mrefu mutoto alianza Kiingereza katika mwaka wa tatu wa sekondari. Kuanzia 1970 mpaka 1991 vijana wa Peace Corps walikuja toka Marekani, na kati yao kulikuwa walimu wa Kiingereza. Walipoondoka kwa sababu ya uporaji wa 1991, shule nyingi zilibaki na mwalimu mmoja, ubao, na vitabu vya zamani. Ndiyo maana wazee wengi hapa wanajua kanuni za sarufi vizuri sana, lakini wakiambiwa waongee, wanacheka tu.

Halafu ikaja 1996. Tunajua sote namna tulivyotoka. Wengi walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu na baadaye Lugufu. Wengine walienda Burundi, wengine Rwanda, wengine Uganda. Hapo ndipo watoto wa bonde moja walianza kusoma shule ambazo hazifanani.

Tanzania ilitaka mkimbizi asome programu ya kwao ili siku moja arudi. Basi mutoto wa Nyarugusu alisoma Kifaransa, katika nchi ambayo bwana afisa wa kambi anaandika Kiingereza na askari wa barabarani anaongea Kiswahili! Nilisikia watu wakiicheka ile programu. Mimi naona ilikuwa na akili: mashua zilipoanza kurudisha watu toka Kigoma mpaka Baraka mwaka 2005, mutoto aliweza kuingia darasani bila kuanza upya. Lugufu ilipofungwa 2009, wengi walikuwa wamekwisha kurudi.

Kwa Rwanda mambo yaligeuka. Mwisho wa 2008 serikali ya kule iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza. Mutoto wa kambi ya Kiziba, aliyesoma programu ya Rwanda, akabadilisha lugha katikati ya njia. Wa Uganda hakuwa na la kubadilisha, alianza na Kiingereza toka siku ya kwanza. Hawa wakifika Kamanyola, wanamaliza Kiingereza cha Exetat mapema. Lakini swali la kemia liko kwa Kifaransa, na wanalisoma mara tatu ili kujua tu linauliza nini.

Sasa tuangalie makosa yenyewe, maana hapo ndipo kazi ya jumamosi iko. Chukua sentensi hii: "I ___ here since 1996." Majibu: am, was, have been. Karibu watoto wote waliosoma hapa wanachagua "am". Si uvivu. Kifaransa kinasema je suis ici depuis 1996, na Kiswahili kinasema niko hapa tangu 1996. Lugha zao mbili zote zinawapeleka kwenye jibu moja, na jibu hilo ni baya. Kiingereza kinataka "have been", kwa sababu jambo lilianza zamani na bado linaendelea. Mwalimu akiwaonyesha kwamba kosa linatoka wapi, hawalirudii. Akiwapa kanuni tupu, wiki ijayo wanasahau.

Kuna pia maneno yanayofanana na Kifaransa lakini yana maana nyingine. "Library" si duka la vitabu, ni bibliothèque. "Actually" si sasa hivi, ni kwa kweli. "Sensible" ni mtu mwenye busara, si mwepesi kuumia. "Parents" ni baba na mama tu. Shangazi na binamu wako nje, hata kama kwetu wote ni parents. Wenye kutunga maswali wanayapenda maneno haya, na hapo mutoto aliyetoka Rwanda anamfundisha mwenzake. Na "he" na "she" zinasumbua wote, kwa sababu Kiswahili kinasema "alikuja" bila kujali ni kaka au dada.

Ndiyo maana tunawaketisha pamoja, wa Tanzania na wa Rwanda, wa Uganda na waliobaki hapa, meza moja. Mmoja anatoa Kiingereza, mwingine anatoa Kifaransa. Kuna wazazi hawakupenda mwanzoni. Kila mtu anajua kwa sababu gani, sitaandika hapa. Watoto wenyewe walizoea haraka kuliko sisi.

Kamusi tulizo nazo ni chache, zinazunguka nyumba kwa nyumba, na moja imekwisha kupoteza herufi S yote. Mwenye ma-items ya Exetat ya miaka iliyopita, hata yaliyochanika, ayalete kwa katibu tuyapige fotokopi. Kwa marafiki walio mbali: kamusi ya Kifaransa na Kiingereza pamoja ndiyo tunayohitaji, siyo ya Kiingereza peke yake.