Katibu Asiyekuwa na Amri

Horace Mann alipokubali, katika mwaka 1837, kuwa katibu wa kwanza wa Halmashauri ya Elimu ya Massachusetts, rafiki zake wengi walistaajabu. Alikuwa mwanasheria mwenye jina na Rais wa Seneti ya jimbo lake huko Marekani. Aliyaacha hayo kwa cheo kisichokuwa na amri. Sheria haikumpa uwezo wa kufungua shule hata moja, wala kumwajiri mwalimu, wala kumwondoa. Ilimruhusu kukusanya habari na kuzitangaza, basi.

Alipanda farasi akalizunguka jimbo. Alikuta nyumba za shule zenye baridi na giza, walimu wasiopata kufundishwa ualimu, na matajiri waliopeleka watoto wao shule za kulipia, kisha wakanung'unikia kodi ya shule za umma. Yote aliyaandika, na taarifa zake kumi na mbili za kila mwaka zikawa ndizo amri aliyonyimwa. Mwaka 1839 chuo cha kwanza cha ualimu cha serikali kilifunguliwa Lexington. Siku ya kwanza walikuja wasichana watatu tu. Mwaka uliofuata wako wabunge waliotaka Halmashauri yenyewe ivunjwe, wakashindwa kwa kura.

Mwaka 1843 alioa, na fungate lake akalipitisha Ulaya akikagua shule. Namhurumia bibi arusi, ingawa yasemekana naye alikuwa mpenzi wa elimu. Aliporudi alisifu shule za Prussia, ambako aliona watoto wakifundishwa bila fimbo. Walimu wakuu 31 wa Boston walihamaki, wakamjibu kwa kitabu kizima. Katika habari ya fimbo nadhani haki ilikuwa yake. Lakini si kosa kumwuliza mgeni wa majuma machache ameona nini. Mtihani wa kuandika waliopewa wanafunzi wa Boston mwaka 1845 ulitoa matokeo mabaya, na hilo liliwadhoofisha walimu hao kuliko hoja zote za Mann.

Lakini shule aliyoiita ya wote haikuwa ya wote. Biblia iliyosomwa humo ilikuwa ya Kiprotestanti, na Wakatoliki walilalamika. Watoto weusi wa Boston walitengwa katika shule yao, na juu ya jambo hili katibu alinyamaza, akichelea kuitia kazi yake katika ugomvi wa siasa. Wendell Phillips, mpinga utumwa, alimlaumu waziwazi. Mimi naona lawama ilistahili, kwani mtu huyu silaha yake ilikuwa kusema. Alipoingia Bunge la Marekani mwaka 1848 aliupinga utumwa kwa ukali mkubwa. Kumbe ulimi alikuwa nao.

Mwaka 1850 mahakama kuu ya Massachusetts iliihalalisha shule ya kutengwa. Sheria ya kuikomesha ilipitishwa mwaka 1855, naye Mann alikuwa amekwisha hamia Ohio, mkuu wa Chuo cha Antioch.