Kamera Iliyoikusanya Mbingu Nzima

Kabla ya kamera kupandishwa juu ya mapaa ya vituo vya hali ya hewa, kukadiria wingi wa mawingu kulikuwa amana ya jicho la mwanadamu: mtazamaji alisimama mahali peupe, akazungusha macho upeo hadi upeo, akaigawa mbingu kwa thumni, kisha akaandika daftarini 0 ikiwa ni safi, au 8 ikiwa imezibwa yote. Kipimo hicho kilikuwa na manufaa makubwa, walakini watazamaji wawili waliosimama pamoja waliweza kuhitilafiana, na mawingu ya upeoni, kwa kuwa huonekana ubavuni, yalidhaniwa kushikamana hata palipokuwa na nafasi baina yake.

Mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alipochunguza jinsi samaki aonavyo ulimwengu kutoka chini ya maji, alidhihirisha kwamba mandhari pana mno yaweza kukusanywa katika picha moja. Na mwaka 1924 Robin Hill wa Cambridge, Uingereza, akaeleza lenzi iliyoipiga picha mbingu nzima kwa mara moja, kwa ajili ya utafiti wa mawingu.

Ilisalia kazi ya kuigeuza picha kuwa hesabu. Katika miaka ya 1980, maulamaa wa taasisi ya Scripps, California, waliunda kamera za kidijitali za mbingu nzima. Baadaye zikaja ala zenye kioo cha mbinuko, kilichopitishwa mkanda mweusi wa kuzuia mng'aro wa jua. Msingi wake ni huu: hewa safi hutawanya nuru ya buluu kuliko nyekundu, ilhali matone ya wingu hutawanya rangi zote karibu sawasawa, basi kwa kulinganisha nyekundu na buluu katika kila nukta ya picha, kompyuta hupambanua wingu na mbingu tupu.

Hata hivyo, weupe unaolizunguka jua hudhaniwa wingu, ukungu wa vumbi vilevile, na mawingu membamba ya juu hupita bila kuhesabiwa. Ndiyo sababu wataalamu huilinganisha kamera na mtazamaji, tena na vipimo vya mnururisho wa jua, kwani hakuna shahidi mmoja kati ya hao asiye na ila. Kituo kitakacho kuikabidhi kamera kazi ya mtazamaji na kiwaweke wote wawili pamoja misimu yote ya mwaka, kwa maana ala iliyojaribiwa wakati wa kiangazi pekee haistahili kuaminiwa wakati wa mvua.