Bata wa Sandringham, bata wa Gisenyi

Jumamosi alasiri mchanga wa Gisenyi hujaa watu waliovuka mpaka kutoka Goma na walioshuka na basi kutoka Kigali. Muulize kijana anayesikiliza Bongo Fleva amefuata nini, atakujibu kwa Kiswahili cha Dar es Salaam: "Nimekuja kula bata." Yaani kustarehe. Ana vijisenti, hana haraka, na Ziwa Kivu liko mbele yake. Sasa mwambie kwamba duniani kuna watu ambao kwao kupata bata ni fedheha. Atadhani unamtania.

Watu hao ni wacheza kriketi. Mpigaji akitolewa kabla hajapata mkimbio hata mmoja, kwa Kiingereza husemwa amepata bata. Akitolewa kwa mpira wake wa kwanza, bata huyo huitwa wa dhahabu, na dhahabu hiyo ni kejeli tupu. Asili ya msemo si ndege mwenyewe bali yai lake: sufuri ya kwenye daftari la matokeo ilifanana na yai la bata. Julai 1866 mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alicheza Sandringham akatolewa bila kitu, na gazeti likaandika kwamba mtukufu amerudi hemani na yai la bata. Miaka ikapita, yai likadondoka njiani, akabaki bata peke yake. Wamarekani kwenye beisiboli yao walichagua yai la bata bukini, kwa maana ileile. Wapo pia wanaodai kwamba neno la Kiingereza la sufuri katika tenisi, lile lenye pia maana ya "mapenzi", limetokana na neno la Kifaransa la yai. Hadithi hiyo hainiingii akilini. Mfaransa mwenyewe akihesabu tenisi husema sufuri yake ya kawaida, yai halitaji.

Bata anayekumbukwa kuliko wote ni wa Donald Bradman. Tarehe 14 Agosti 1948, uwanja wa The Oval, London, Mwaustralia huyo aliingia kupiga katika mechi yake ya mwisho ya kimataifa. Alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake wa maisha yote ufike 100. Eric Hollies akamrushia mpira wa kwanza, akauzuia. Wa pili ukamtoa. Wastani ukagandia 99.94, na mpaka leo hakuna mpigaji aliyekaribia hesabu hiyo. Yule mwenye bata mashuhuri kuliko wote ndiye bingwa kuliko wote.

Gisenyi haikuwa na habari na bata huyo, na sababu ni mpaka. Waingereza walipeleka kriketi Kenya, Uganda na Tanganyika, ambako Wahindi nao waliishika kwa mikono miwili. Huku kwetu Rwanda walitawala Wajerumani, kisha mwaka 1916 wakaja Wabelgiji. Wote hao hawakuja na kriketi. Uganda iko karibu sana, lakini mchezo ulisubiri upande wa pili wa volkano. Uliingia Rwanda baada ya 1994, mikononi mwa Wanyarwanda waliorudi kutoka ukimbizini Uganda na Kenya. Oktoba 2017 Kigali ikafungua uwanja wake wa kriketi huko Gahanga. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne. Kwa hiyo bata wote wawili, wa aibu na wa starehe, walitufikia kwa mlango mmoja: Afrika Mashariki.

Gahanga ndiko bata wa aibu alikozaliana. Tarehe 18 Juni 2019, katika mashindano ya wanawake ya Kwibuka, Mali walikutana na Rwanda wakatolewa wote kwa mikimbio 6. Mitano kati ya hiyo ilikuwa ya ziada, isiyotoka kwenye gongo la mtu. Mpigaji mmoja tu alipata mkimbio, mmoja. Wenzake wote hawakuandikiwa kitu. Rwanda walihitaji mipira 4 kumaliza kazi. Siku mbili baadaye Uganda walipiga 314, Mali wakajibu kwa 10. Watu walicheka sana mitandaoni. Mimi sikucheka, kwa sababu Mali ni nchi iliyolelewa na Kifaransa kama sisi, na sisi tuliwatangulia miaka michache tu. Mabinti wale walirudi uwanjani baada ya yale mayai yote, jambo ambalo Bradman hakulifanya tena katika mechi za kimataifa baada ya lake moja.

Huku ufukweni wanaokula bata wameshaagiza. Mhudumu anakuja na sambaza wa kukaanga, mishikaki ya mbuzi na ndizi. Bata mwenyewe, kwenye orodha ya vyakula, hayumo.