Kituo cha Sheria ya Maslahi ya Umma, San Diego

Ni taasisi ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha San Diego, California, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1980 na Profesa Robert Fellmeth, mmoja wa vijana waliofanya uchunguzi pamoja na Ralph Nader, mtetezi wa walaji. Chini ya uongozi wa Fellmeth, wanafunzi walihudhuria vikao vya bodi za jimbo zinazowapa leseni madaktari, makandarasi na wengineo, wakaandika habari zake katika jarida la kituo. Kazi hii ilihitajika mno: bodi nyingi zilijaa wanataaluma wenyewe, na mwananchi aliyedhulumiwa hakuwa na msemaji. Mwaka 1987 Fellmeth aliteuliwa kufuatilia mfumo wa nidhamu wa mawakili wa California, na taarifa zake zilichangia kuleta mageuzi.