Fimbo inayotangulia bendi tuiite nini?

Ukipita mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, asubuhi ya Jumapili, huenda ukasikia ngoma kabla hujaona watu. Pengine ni Jeshi la Wokovu, dhehebu lililoingia Kenya mwaka wa 1921. Pengine ni waumini wa African Israel Church Nineveh, kanisa alilolianzisha Zakayo Kivuli mwaka wa 1942 katika eneo ambalo leo ni Vihiga, na mavazi yao meupe, vilemba na bendera. Wanakwenda kwa mistari, hatua sawa. Mjini humo humo, katika uwanja wa Bukhungu, ndiko Sikukuu ya Mashujaa ilikoadhimishwa kitaifa tarehe 20 Oktoba 2018. Sikukuu kama hizo zina bendi za vikosi, na bendi ya kikosi hutanguliwa na mtu mmoja mrefu, kifua mbele, mkononi ameshika kitu kinachometameta.

Kitu hicho ni nini? Mtangazaji mmoja atakiita rungu, wa pili fimbo, wa tatu ataruka jambo zima na kusifu mavazi. Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake mna historia ambayo tumeizoea kuisimulia vibaya.

Tuanze na kazi yake. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, haihitaji fimbo ya kuongoza. Kuna ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kuna pembe na njuga, na mwimbaji kiongozi yu karibu na wenzake. Wanamsikia na kumwona. Bendi inayoandamana ni jambo jingine. Safu za nyuma haziuoni uso wa kiongozi, wala sauti yake haiwezi kushindana na tarumbeta. Basi anainua fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma juu ya vichwa vya wote: ikipanda, watu wanajiweka tayari; ikishuka ghafla, muziki unakatika. Ile kurusha na kuzungusha ni mapambo yaliyoongezwa juu ya kazi, na wasichana wa maandamano ya Marekani wameyageuza kuwa sanaa kamili kwa kifimbo chepesi. (Fimbo nzito ina hatari zake. Jean-Baptiste Lully, mtunzi wa muziki wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa akipiga mapigo sakafuni kwa fimbo, akajigonga mguu. Kidonda kikaoza, akafa mwaka wa 1687.)

Fimbo hii ilifika kwetu na majeshi na misheni. Lakini walioifanya iwe ya watu ni wachezaji wa beni. Neno lenyewe ni bendi katika matamshi ya Kiingereza, likatiwa irabu mwishoni. Ngoma hiyo ilizuka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana walivaa sare, wakajipa vyeo vya kingi na jenerali, wakaandamana mitaani kwa ushindani mkali. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi; Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Vita Vikuu vya Kwanza viliisambaza: askari na wapagazi waliibeba hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Katanga. Malawi hadi leo wanacheza beni kwa jina hilo hilo.

Maafisa wa kikoloni hawakujua wafanye nini nayo. Mara waliicheka kama uigaji wa kitoto, mara waliichunguza wakidhani ni chama cha siri. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, aliwajibu wale wa kucheka: alionyesha kwamba ushindani wa vyama vya ngoma ulikuwapo pwani zamani, na beni iliuvika nguo mpya. Nami naongeza jambo la fimbo. Hebu tazama goma la Lamu, wanaume wamejipanga mstari, kanzu na bakora, wakiyumba polepole. Tazama kirumbizi, ambapo vijana hukabiliana kwa fimbo kwa mdundo wa ngoma. Mswahili hakufundishwa na sajenti yeyote kwamba fimbo inaweza kucheza. Fimbo ya bendi ilipofika ilikuta wenzake.

Halafu kuna upande mchungu. Kwa watu wa kizazi kile, fimbo iliyoshikwa na mtu mwenye sare haikuwa mchezo. Chini ya Wajerumani adhabu ya viboko 25 ilijulikana sana hata ikapata jina lake, hamsa ishirini. Wapagazi wa Kariakoo, yaani kile kikosi kilichoziachia jina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walichapwa vilevile. Mtu wa namna hiyo anaporudi kwao, akavaa koti la kijeshi na kuinua fimbo ili wenzake wacheze, mimi sioni uigaji hapo. Naona kifaa kimebadilishwa mikono.

Sasa jina. Rungu nalikataa. Hilo ni silaha, na kwa Wakenya wa rika langu ni Rais Moi, kama vile usinga ulivyokuwa wa Mzee Kenyatta. Kijiti tumewapa wakimbiaji wa kupokezana, tusiwapokonye. Neno linalonivutia ni siwa. Asili yake ni pembe kuu ya kupulizwa, kama ile ya pembe za ndovu ya Pate, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na ile ya shaba ya Lamu. Ilipulizwa kwenye sherehe za watawala na arusi za waungwana. Ala ya muziki yenye heshima ya dola: lingefaa mno! Lakini Bunge la Tanzania limelichukua likaita siwa ile fimbo ya mamlaka anayotangulizwa nayo Spika, na matumizi yamekita mizizi. Ajabu kidogo, kwamba kitu kilichopigwa kimelipa jina lake kitu kisichotoa hata mlio.

Kwa hiyo napendekeza fimbo ya bendi kwa ile ndefu ya kiongozi wa kikosi, na kifimbo kwa ile nyepesi ya kurusha. Maneno ya kawaida kabisa, ndiyo, na wenye kamusi wanaweza kuyaongeza kwa mstari mmoja chini ya fimbo. Atakayetangaza gwaride la Jamhuri tarehe 12 Desemba hana haja ya kungoja kamusi.